Nairobi hadi New York: namna ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege

Ukiuliza mtandaoni Nairobi na New York ni mbali kiasi gani, utajibiwa kwa namba mbili: kilomita na saa. Namba ya kilomita unaweza kuiamini, kwa kuwa uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy haviendi popote. Ya saa ndiyo inayowaponza watu. Tovuti nyingi huchukua umbali, zikaugawanya kwa mwendo mmoja zilioupanga zenyewe, basi. Hazijali kama ndege inaelekea magharibi au mashariki, wala hazijui anga ya nchi gani imefungwa mwaka huu, wala kwamba wewe unatokea Dar es Salaam na utakesha Doha ukisubiri ndege ya pili.

Mwongozo huu unafuata safari hiyo moja tangu ramani mpaka mlango wa kutokea uwanjani. Nimeichagua kwa sababu ni ndefu, ni ya moja kwa moja, na wengi wetu tuna ndugu upande wa pili. Kenya Airways ilianza kuiruka tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Hesabu zilezile zitakufaa kwa Entebbe na Brussels, Zanzibar na Muscat, au popote unapokwenda. Unachohitaji ni simu yenye kikokotoo, karatasi na kalamu.

## Hatua ya 1: Jua ni uwanja upi hasa

Jiji si uwanja. New York ina viwanja vitatu vikubwa: JFK, LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), na huo wa mwisho uko jimbo jingine kabisa, New Jersey. Ukitafuta tiketi kwa kuandika NYC, mfumo utakuletea mchanganyiko wa vyote. Nairobi nayo ina NBO, yaani Jomo Kenyatta, na WIL, yaani Wilson, ambako huondokea ndege ndogo za Maasai Mara na Lamu.

Kwenye hesabu ya kilomita jambo hili halina uzito. JFK na Newark zimeachana kwa takriban kilomita 33 tu ukipima kwa mstari. Uzito wake uko kwenye muda. Ukishushwa JFK huku ndege yako inayofuata inaondokea Newark, utalivuka jiji zima na masanduku yako, na saa nne zinaweza kuwa chache. Kwa hiyo kwanza soma zile herufi tatu za kila uwanja kwenye tiketi, uziandike karatasini.

## Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo

Fungua ramani ya Google kwenye simu, tafuta uwanja, kisha bonyeza na ushikilie kidole juu ya njia ya kurukia ndege. Zitatokea namba mbili. Ya kwanza ni latitudo (kaskazini au kusini mwa ikweta), ya pili ni longitudo (mashariki au magharibi ya Greenwich). Kwa viwanja vyetu ni hivi:

NBO: −1.319 na 36.928
JFK: 40.640 na −73.779

Alama ya kutoa ina kazi. Kusini hupewa kutoa, magharibi hupewa kutoa. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, ndiyo maana latitudo yake ni −1.319. Ukiisahau alama hiyo utapunja umbali kwa karibu kilomita 200. Ukiisahau ile ya New York mambo yanakuwa ya kuchekesha: kikokotoo kitakupa takriban kilomita 5,970, kwa kuwa umekipeleka Kyrgyzstan, sehemu za karibu na mji wa Osh. Ukiona safari ya Marekani imekuwa nusu ya ulivyotarajia, rudi utazame alama kabla ya kushangilia.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya umbali

Dunia ni mviringo, kwa hiyo umbali mfupi kuliko wote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kubwa linaloizunguka dunia na kuigawa nusu kwa nusu. Wanajiografia huliita duara kuu. Kanuni ya kuupata umbali huo ni hii:

cos D = (sin L1 × sin L2) + (cos L1 × cos L2 × cos T)

L1 na L2 ni latitudo za viwanja viwili, T ni tofauti ya longitudo, na D ni umbali kwa digrii.

Kwenye simu nyingi ukigeuza kikokotoo kikalala ubavu, vitufe vya sin na cos hujitokeza. Hakikisha kimeandikwa DEG, yaani kinafanya kazi kwa digrii. Kikiwa kwenye RAD majibu yote yatakuwa ya ajabu.

Tuanze na T. Kutoka 36.928 mashariki hadi 73.779 magharibi: 36.928 − (−73.779) = 110.707.

Sehemu ya kwanza ya kanuni: sin ya −1.319 ni −0.0230, na sin ya 40.640 ni 0.6513. Zizidishe, unapata −0.0150.

Sehemu ya pili: cos ya −1.319 ni 0.9997, cos ya 40.640 ni 0.7588, na cos ya 110.707 ni −0.3536. Zizidishe zote tatu, unapata −0.2682.

Jumla ni −0.2832. Sasa bonyeza kitufe cha kurudi nyuma, kilichoandikwa cos⁻¹, upate digrii 106.45.

Kila digrii moja ya mzingo wa dunia ni kilomita 111.195. Zidisha: 106.45 × 111.195 = kilomita 11,837. Marubani wao huhesabu kwa maili za baharini, na kwao ni rahisi zaidi kwa kuwa kila digrii ina maili 60: 106.45 × 60 ni maili 6,387.

Tovuti moja itakupa kilomita chache zaidi, nyingine chache pungufu. Hiyo ni kwa sababu dunia si mpira kamili. Nusu-kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha, na kila kikokotoo huchagua namna yake ya kulimaliza jambo hilo. Kilomita kumi ndani ya elfu kumi na moja hazimzuii mtu kusafiri. Kuanzia hapa nitatumia 11,840.

Asiyependa sin na cos ana njia nyingine: kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya uwanja wa kwanza katika ramani ya Google, chagua kupima umbali, kisha bofya uwanja wa pili. Ramani itachora mstari uliopinda na kukupa kilomita. Shuleni kwenye tufe la dunia, uzi uliovutwa ukakazwa kutoka Nairobi hadi New York utakuonyesha njia ileile.

## Kwa nini mstari unapinda, na unapita wapi

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi huiona njia ya ndege kwenye skrini ya mbele ya kiti wakadhani rubani anazunguka.

Chukua ramani ya ukutani na rula. Mstari ulionyooka kutoka Nairobi utapita Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha uingie Atlantiki moja kwa moja. Unaonekana mfupi, lakini una kilomita kama 12,190, yaani 350 zaidi ya ile njia iliyopinda. Ramani bapa huzinyoosha sehemu za kaskazini zikaonekana pana kuliko zilivyo, na rula haiwezi kujua hilo.

Njia fupi ya kweli huondoka Nairobi ikielekea kaskazini magharibi. Inapita juu ya Nandi, inaingia Uganda na kupita karibu na Lira, inakatiza Sudan Kusini kuelekea Raga, inagusa Darfur huko Sudan, kisha Chad, kaskazini mwa Niger, na jangwa la Algeria. Halafu inafika Morocco. Ukikata umbali wote nusu kwa nusu, nukta ya katikati inaangukia mashariki kidogo ya Marrakech. Kwa maneno mengine, msafiri wa Nairobi anapoiacha Afrika amekwisha maliza nusu ya safari ya New York. Bara hili ni kubwa kuliko ramani za ukutani zinavyokiri. Baada ya hapo ni bahari tupu: inapita jirani na visiwa vya Azores, inapanda hadi latitudo ya 42 hivi kusini mwa Newfoundland, kisha inashuka kuelekea JFK.

## Hatua ya 4: Ongeza kilomita za michepuko

Hakuna ndege inayofuata mstari huo nukta kwa nukta. Waongozaji wa ndege huipangia njia, mvua za radi za ukanda wa ikweta huizungusha, na mara nyingine nchi nzima hufungwa. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023. Niger nayo ilifunga anga yake Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, ikaifungua tena mapema Septemba. Anga ya Libya mashirika mengi yameikwepa kwa miaka. Tazama tena orodha ya nchi za njia yetu, utaona kwamba kaskazini mwa Afrika ndiko kilomita za ziada zinakopatikana.

Kuna pia michepuko ya hiari. Kampuni inaweza kuchagua njia ndefu kwa kilomita mia mbili au tatu ili kukwepa upepo mkali wa mbele, na ikafika mapema. Kwa hesabu ya nyumbani huna haja ya kuyafuatilia hayo moja moja, maana kanuni ya muda inayofuata imeyawekea nafasi ndani yake.

## Hatua ya 5: Geuza kilomita kuwa saa

Boeing 787 husafiri kwa asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kule juu, kwenye baridi ya digrii 55 hivi chini ya sifuri, hiyo ni takriban kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya 11,840 kwa 900 unapata saa 13 na dakika 10 hivi, na ndilo jibu ambalo tovuti nyingi zitakupa. Ni jibu la ndege iliyozaliwa angani na itakayobaki angani.

Ndege yako wewe itarudishwa nyuma kutoka getini, itajongea polepole hadi njia ya kurukia, itapanda kwa mwendo mdogo, itashuka kwa mwendo mdogo zaidi, na ikifika JFK inaweza kupanga foleni na nyingine kumi. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa geti hadi geti. Kwa hiyo mimi hutumia kanuni hii:

kilomita ÷ 850, ongeza dakika 45

Kwa safari yetu: 11,840 ÷ 850 = 13.93, yaani saa 13 na dakika 56. Ongeza 45, unapata saa 14 na dakika 41. Huo ndio muda wa safari hii kama kusingekuwa na upepo.

Ijaribu kwingine uone. Nairobi na London Heathrow ni kilomita 6,840. Kanuni inatoa saa 8 na dakika 48. Dar es Salaam na Nairobi ni kilomita 670 hivi. Inatoa saa 1 na dakika 32, imezidi kidogo kwa kuwa kwenye safari fupi zile dakika 45 zinakuwa nyingi mno. Kwa ndege ndogo za mapanga, zile za Mafia na Pemba, usiitumie kabisa.

## Hatua ya 6: Weka upepo

Katika latitudo za kati za dunia, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, huwa na nguvu zaidi. Anayetoka Nairobi haoni kitu kwa saa za kwanza, maana ukanda wa ikweta hauna upepo wa namna hiyo. Anakutana nao anapokaribia kaskazini mwa Sahara, kisha unamkabili uso kwa uso juu ya Atlantiki. Anayerudi anasukumwa.

Kwa safari ya urefu huu kuna hesabu ya haraka: kila kilomita 10 kwa saa za upepo wa wastani ni kama dakika 10 za safari. Upepo wa mbele wa wastani wa kilomita 40 kwa saa utaongeza dakika 40, na wa nyuma utapunguza kiasi hichohicho. Ndiyo maana kwenda huwa saa 15 hivi na kurudi hupungua. Safari ya kaskazini kwa kusini, mfano Nairobi na London, huukata upepo kwa ubavu, kwa hiyo kwenda na kurudi hutofautiana kidogo tu.

Wakati wa kurudi, tazama skrini juu ya Atlantiki. Unaweza kuona mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa ukidhani ndege imevunja mwendo wa sauti. Haijavunja. Hewa yenyewe inayoibeba inakwenda mbio.

Muda halisi utaupata kwenye Flightradar24, tovuti ya kufuatilia safari za ndege. Andika namba ya safari, kwa mfano KQ2 ya kwenda au KQ3 ya kurudi, utaona siku zilizopita ndege iliondoka lini na ikatua lini. Angalia wiki nzima, uache siku moja iliyochelewa sana na moja iliyowahi sana. Hapo pia utagundua kwamba ndege hufika mapema mara nyingi bila kuwa imekimbia: mashirika huweka dakika za akiba kwenye ratiba ili yasionekane yamechelewa.

Na kwa nini safari hii inaondoka usiku? Sababu moja ni kimo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ikipata joto la mchana huwa nyepesi zaidi. Mabawa na injini hutaka hewa nzito ili kuinua ndege iliyoshiba mafuta. Safari ilipozinduliwa ilitajwa kuhitaji tani 85 hivi za mafuta kila upande, marubani 4 na wahudumu 12. Baridi ya usiku wa Embakasi inasaidia kubeba mzigo huo, na abiria anafika asubuhi, akapata siku nzima ya kuunganisha ndege ya Minneapolis au Dallas.

## Hatua ya 7: Soma saa za tiketi sawasawa

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, saa ya kufika ni ya New York. Tuseme tiketi inasema hivi, mwezi wa Januari:

NBO 23:25 – JFK 06:25 (+1)
JFK 12:25 – NBO 10:55 (+1)

Alama ya +1 maana yake utafika siku inayofuata. Mtu asiyezoea atatoa 23:25 kwenye 06:25 aseme Marekani ni saa saba tu, kumbe si mbali hivyo. Kisha atazame ya kurudi aone saa 22 na nusu, ashangae.

Dawa ni kugeuza kila saa iwe ya nyumbani kabla ya kutoa. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, mwaka mzima. New York iko saa 5 nyuma wakati wa baridi na saa 4 nyuma wakati wa joto. Hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze moja: ni 7 na 6.

Januari tofauti ni 8. Kufika 06:25 New York ni 14:25 Nairobi. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15 kamili. Kurudi: 12:25 New York ni 20:25 Nairobi, na kutoka hapo hadi 10:55 asubuhi ni saa 14 na nusu. Ukizichukua mbili hizo na kutafuta wastani, ni saa 14 na dakika 45. Kanuni yetu ya hatua ya tano ilitoa 14 na 41.

Kuna mitego miwili ya saa inayowakosesha watu ndege. Wa kwanza ni saa zetu na saa za tiketi. 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku, na 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Unapompa mzee taarifa kwa simu, mtajie saa ya Kiswahili pamoja na neno la wakati wake, usiku au asubuhi, na usimsomee namba za tiketi kama zilivyo. Mtego wa pili ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikiandikwa 00:45 tarehe 12 Agosti, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unatakiwa uwepo jioni ya tarehe 11. Anayekwenda jioni ya tarehe 12 ataikuta ndege imekwisha tua New York na kugeuza.

## Hatua ya 8: Ukiwa unaunganisha ndege

Tuseme unatoka Dar es Salaam. Kwa mstari mfupi, Dar hadi JFK ni takriban kilomita 12,440, lakini hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapitia mahali. Hesabu kila kipande peke yake, ujumlishe:

Kupitia Nairobi: 670 + 11,840 = 12,510
Kupitia Amsterdam: 7,350 + 5,850 = 13,200
Kupitia Istanbul: 5,460 + 8,030 = 13,490
Kupitia Doha: 3,820 + 10,770 = 14,590

Nairobi imekaa karibu njiani kabisa. Inakuongezea kilomita 70 tu. Doha inakuongezea zaidi ya 2,100, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki huku safari yako iko magharibi. Hata hivyo kilomita 2,100 ni saa mbili na nusu tu za kuruka. Kinachokula muda ni kusubiri.

Linganisha ratiba mbili za mfano, zote za Januari. Ya kwanza: kuondoka Dar 19:30, kufika Nairobi 20:55, kuondoka tena 23:25, kufika JFK 06:25. Kwa saa za nyumbani umefika 14:25, kwa hiyo safari nzima ni saa 18 na dakika 55. Ya pili: kuondoka Dar 17:30, kufika Doha 23:15, kuondoka 08:00, kufika JFK 14:00, ambazo nyumbani ni 22:00. Jumla ni saa 28 na nusu, na kati ya hizo 8 na dakika 45 ni za kukaa Doha. Doha na Dar hutumia saa ileile, basi kipande cha kwanza hakina la kubadilisha.

Ya pili inaweza kuwa na nauli nafuu, na wapo wanaoipenda kwa kuwa wanapumzika katikati. Mwenye watoto wadogo atapiga hesabu yake. Ninachoshauri ni kwamba unapolinganisha nauli, igawe tofauti ya bei kwa saa unazoongezewa, ujue kila saa ya kukaa kwenye kiti cha chuma unalipwa shilingi ngapi.

Kusubiri kufupi nako kuna hatari yake. Dakika 60 zinatosha kama tiketi ni moja, mizigo inapitishwa moja kwa moja, na ndege ya kwanza haichelewi. Kama umenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Hapo usishuke chini ya saa nne, na uulize kama utahitaji viza ili utoke nje kuchukua masanduku yako na kuyapima upya.

## Hatua ya 9: Mlango hadi mlango

Muda wa tiketi ni wa geti hadi geti, lakini wewe huishi getini. Kwa safari za Marekani, kuwa uwanjani saa tatu kabla, kwa kuwa abiria wa huko huongezewa ukaguzi wa mizigo ya mkononi na maswali karibu na geti. Geti lenyewe hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa. 23:25 ni saa ya ndege kuondoka, haitakuwa saa ya wewe kuingia. Ongeza barabara. Anayetoka Rongai au Kitengela jioni ya Ijumaa, mvua ikinyesha, ajipe saa mbili au zaidi.

Upande wa pili, baada ya ndege kufika getini kuna kutembea, foleni ya uhamiaji, alama za vidole, masanduku na forodha. Kwa mgeni saa moja ni bahati njema, na mbili si ajabu ndege kadhaa zikitua pamoja. Kisha kuna usafiri. Treni ya AirTrain inakupeleka Jamaica au Howard Beach, ambako unapanda treni ya chini ya ardhi kwenda Manhattan au Brooklyn.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, akapanda ndege ya saa tano na dakika 25 usiku, ataingia kwa mwenyeji wake Brooklyn kama saa tatu na nusu asubuhi za huko. Nyumbani itakuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Ni saa 23, wakati kikokotoo cha mtandaoni kilisema 13.

Anayekuja kukupokea mtumie namba ya ndege pamoja na saa ya kufika, afuatilie mwenyewe kama imewahi au imechelewa. Na ndege ikitarajiwa getini 06:25, asianze kulipia maegesho ya JFK kabla ya 07:30. Labda kama una mkoba mmoja tu na pasipoti ya Marekani.